Ruzuku za kuhifadhi vitu vya makumbusho: pesa inalipia nini, na inaishia wapi

Katika stoo ya makumbusho moja ndogo ya pwani niliwahi kukuta mashine ya kukausha hewa, kubwa kama jokofu la dukani, imegeuzwa meza. Juu yake palikuwa na chupa ya chai, redio na daftari la wageni. Ubavuni nembo ya mfadhili ilikuwa bado inang'aa. Nikamuuliza mzee aliyeshika funguo kama imeharibika.

"Haijaharibika, mwanangu. Nzima kabisa," akasema. "Tatizo luku."

Mradi ulinunua mashine, ukalipia usafiri, ukamlipa fundi wa kuifunga, ukagharamia hata chakula siku ya makabidhiano. Umeme wa kuiendesha haukuwamo kwenye bajeti, kwa sababu fomu ya maombi ilisema wazi kwamba gharama za uendeshaji ni juu ya mwombaji, na mwombaji alijaza "tutagharamia wenyewe" bila kupiga hesabu. Hatua tatu kutoka kwenye mashine ile, kwenye rafu ya mbao, palikuwa na msahafu wa jalada la ngozi umeota ukungu mweupe kama unga wa muhogo.

Watu wanaotunza vitu vya kale huniuliza zaidi swali moja: wafadhili wako wapi? Wapo. Nitawataja baadhi yao. Lakini kabla ya majina inafaa kuelewa tabia ya pesa yenyewe. Ruzuku hulipia kazi yenye mwanzo na mwisho: miezi 12, miezi 24, ripoti, picha, basi. Unyevu hauna tarehe ya kufunga mradi. Mchwa hasubiri awamu ya pili ya fedha. Karibu kila kinachoharibika katika ruzuku za aina hii huharibika hapo, kati ya kazi inayokwisha na shida isiyokwisha.

Neno "kukarabati" linavyotuponza

Kwetu kila kitu ni kukarabati. Nyumba inakarabatiwa, jahazi linakarabatiwa, kiti cha enzi kinakarabatiwa. Wafadhili wa mikusanyo wanatenganisha kazi tatu, na anayezichanganya katika andiko lake la kuomba ruzuku hukatwa mapema.

Chukua kiti cha enzi, kile cha mbao nyeusi chenye mfupa au pembe iliyopachikwa, kiti na mgongo vikiwa vimesukwa kwa uzi. Kukitoa kwenye ukuta unaovuja, kukifunika shuka safi ya pamba, kukiinua kutoka sakafuni na kukagua kila mwezi kama kuna unga wa wadudu chini yake: hiyo ni kinga. Kiti chenyewe hujakigusa. Kurudisha kipande cha mfupa kilicholegea kwa gundi inayoweza kuyeyushwa tena baadaye, au kusafisha uchafu unaokula uzi: hiyo ni tiba. Kuchonga vipande vipya badala ya vilivyopotea, kusuka uzi mpya na kupaka vanishi mpaka kiti king'ae kama cha bwana harusi: huo ni urejeshaji.

Wafadhili wengi wa vitu vya makumbusho hupenda kinga, hukubali tiba ikiwa na mtaalamu, na hutilia shaka urejeshaji. Waombaji wengi huja wakiomba urejeshaji, kwa sababu ndio unaoonekana kwenye picha ya kabla na baada. Nami nawaelewa, maana mkuu wa wilaya akija hataoneshwa shuka ya pamba. Lakini nimeona viti vilivyopakwa vanishi ya dukani ambavyo leo hakuna anayeweza kusema rangi yake ya asili ilikuwa ipi, na fundi aliyepaka hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alifanya alichoombwa.

Taasisi ya Uhifadhi ya Kanada, iliyoanzishwa 1972, ina orodha ya visababishi kumi vya uharibifu ambayo siku hizi inatumika karibu dunia nzima, na wanaosoma maandiko ya mradi wanaijua kwa moyo: nguvu za kimwili kama kuanguka na kugongwa, wezi na wahuni, moto, maji, wadudu na panya, vichafuzi vya hewani, mwanga, joto lisilofaa, unyevu usiofaa, na cha kumi ambacho wengi hukisahau, kitu kutengana na habari zake. Sufuria ya shaba isiyo na nambari wala maelezo ya ilikotoka ni nzima kabisa, lakini kwa makumbusho imeshakufa nusu. Katika stoo nyingi nilizoingia hicho cha kumi ndicho kilichofanya kazi kubwa kuliko mchwa. Kukitibu hakuhitaji maabara, kunahitaji rejista, penseli na mtu anayekaa kazini zaidi ya miaka miwili.

Ngome, meli na gharama iliyofuata

Mfano mzuri zaidi tulionao wa jinsi pesa ya nje inavyoingia katika uhifadhi hapa kwetu uko Mombasa. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Ilitumika kama gereza mpaka 1958. Mwaka huo ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na ruzuku ya Taasisi ya Calouste Gulbenkian ya Lisbon ikalipia kuisafisha na kuigeuza makumbusho, yaliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa ruzuku ya namna ileile ninayoisema: jengo, kazi maalumu, tarehe ya kukamilika. Ilifanikiwa.

Kisha ikaja meli. Santo António de Tanna, manowari ya Wareno, ilizama chini ya ngome mwaka 1697, wakati Waarabu wa Oman walipoizingira ngome hiyo tangu 1696 hadi ilipoanguka 1698. Wapiga mbizi waliigundua katika miaka ya 1960, na kati ya 1977 na 1980 wataalamu wa akiolojia ya majini waliichimba wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wakapandisha maelfu ya vitu: vyungu, kaure za Kichina, vyuma, shaba, vipande vya mbao. Na hapo ndipo gharama ilipoanza.

Mbao iliyokaa majini karne tatu si mbao tena. Vijidudu vimekula nyama yake ya ndani, umbo linashikiliwa na maji tu. Ukiiweka juani ikauke kama unavyokausha ubao wa mtumbwi, inajikunja na kupasuka mpaka huitambui. Inabidi ilowekwe kwenye PEG, aina ya nta inayoyeyuka majini, iingie polepole mahali pa maji, miezi na pengine miaka, ndipo ikaushwe. Chuma nacho kimenyonya chumvi. Usipoitoa chumvi hiyo kwa kukiloweka kwenye dawa na kubadilisha maji tena na tena, kitakaa kwenye kabati la maonyesho miaka michache kisha kitaanza kumenyuka maganda ya kutu kutoka ndani. Vyungu vivyo hivyo: chumvi ikikauka ndani yake inatengeneza chembe zinazosukuma rangi ya nje mpaka ibanduke.

Kwa hiyo ngomeni kukawa na maabara ya uhifadhi. Na ubavu wa meli wenyewe haukuinuliwa, ukapimwa, ukachorwa, ukabaki chini ya mchanga. Anayeona hilo kuwa uzembe na aangalie waliothubutu kuinua meli nzima. Waswidi waliitoa Vasa majini mwaka 1961 wakainyunyizia PEG kwa miaka 17, kisha wakaikausha taratibu miaka mingine tisa. Waingereza waliinua Mary Rose mwaka 1982, na minyunyizo ilizimwa 2013. Ni ruzuku gani ya miezi 24 inayolipia jambo la miaka 31? Hakuna. Hizo zilibebwa na serikali, wakfu, tiketi za watalii na michango, mmoja akichoka mwingine anapokea.

Waakiolojia wana mazoea ya kuomba pesa ya kuchimba na kudhani pesa ya kuhifadhi itapatikana mbele ya safari. Mfadhili mwenye akili leo huuliza swali hilo ukurasa wa kwanza: vitu vikitoka, nani atavitunza na kwa pesa ipi?

Walipaji, na kila mmoja na mipaka yake

Nianze na dhana potofu iliyoenea. Lamu, Mji Mkongwe wa Zanzibar, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, Ngome ya Yesu, zote zimo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na watu hudhani orodha hiyo inaleta pesa ya kutunza vitu vilivyomo ndani. Mkataba wa 1972 unahusu mali isiyohamishika: majengo, magofu, mandhari. Siwa, lile baragumu kubwa la pembe za ndovu, iliyomo makumbusho ya Lamu haimo kwenye orodha, mji ndio umo. Magofu ya Kilwa yalipowekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, wafadhili wa nchi kadhaa walijitokeza, kuta zikaimarishwa, na 2014 yakaondolewa hatarini. Kwa kuta, mfumo ulifanya kazi. Vigae na shanga zilizochimbwa katika magofu hayohayo zinahitaji mlango mwingine.

UNESCO ina mlango mdogo uitwao Programu ya Ushiriki. Kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kwa mradi wa nchi moja kilikuwa dola 26,000, na maombi hayatumwi Paris moja kwa moja, yanapitia Tume ya Taifa ya UNESCO ya nchi yako. Ndiyo maana makumbusho ya mkoani yasiyomjua mtu Dar es Salaam au Nairobi husikia habari zake baada ya mlango kufungwa.

Wamarekani wana Mfuko wa Mabalozi wa Kuhifadhi Utamaduni, ulioanza 2001. Huu ndio unaotaja wazi vitu na mikusanyo ya makumbusho, si majengo tu, na maombi hupitia ubalozi wao nchini kwako. Mizunguko yake imekuwa ikipokea miradi ya kuanzia dola 10,000 hadi mamia ya maelfu. Ukisoma orodha ya visivyolipiwa utajifunza mengi kuliko kusoma vinavyolipiwa: mali ya mtu binafsi hapana, kununua vitu hapana, maonyesho mapya hapana, mabaki ya binadamu hapana, jengo jipya hapana, kutengeneza nakala za vitu hapana, kupiga picha za kidijitali peke yake bila kazi ya uhifadhi hapana. Akiba ya dharura nayo hapana, ingawa mtu yeyote aliyewahi kuezuliwa paa anajua dharura haikosi.

Uingereza, kupitia British Council, ina Mfuko wa Ulinzi wa Utamaduni tangu 2016. Ulianzia zaidi na nchi za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini zilizoguswa na vita, ukafika Afrika Mashariki, na mabadiliko ya tabianchi yakaongezwa kwenye hatari zinazozingatiwa. ALIPH, taasisi ya ufadhili ya Geneva iliyoanzishwa 2017, inashughulikia urithi ulio katika maeneo ya migogoro. Kwa Sudan au mashariki ya Kongo ni mlango wa kweli. Kwa makumbusho ya Bagamoyo yenye mchwa, bado.

Halafu kuna pesa isiyo na fomu, ya serikali kwa serikali. Oman imeweka fedha nyingi katika urithi wa Zanzibar na Mombasa, na ukarabati wa Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, ulikuwa mkononi mwa ufadhili wake pale sehemu kubwa ya mbele ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Pesa ya namna hiyo huwa kubwa na ya haraka, na mtunza mkusanyo mara nyingi huisikia kwenye taarifa ya habari kama sisi wengine.

Na pesa ya nje inaweza kukatika katikati. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuipitia upya, na Aprili mwaka huohuo hata ndani ya Marekani kwenyewe ruzuku nyingi za taasisi yao ya taifa ya masomo ya utu, zilizokwisha kuidhinishwa, zilifutwa kwa barua. Kuna makumbusho ndogo za vijijini kwao zilizobaki na kazi nusu, mezani, bila pesa ya kumalizia. Walidhani yale mambo ni ya kwetu tu.

Picha ya kitu na kitu chenyewe

Pesa iliyofika kwa wingi zaidi kwenye maandishi ya Waswahili ni ya kunakili kidijitali. Programu ya Kumbukumbu Zilizo Hatarini ya Maktaba ya Uingereza ilianza 2004 kwa fedha za wakfu wa Arcadia, na imelipia mamia ya miradi duniani. Hati za msikiti wa Riyadha wa Lamu, ule wa Habib Saleh, zilinakiliwa chini ya programu hiyo. Masharti yake yana adabu: hati asili haziondoki nchini, nakala moja inabaki nyumbani, nyingine inakwenda London na kufunguliwa kwa watu wote. Mtafiti wa Mbeya leo anasoma kitabu cha Lamu bila kupanda boti.

Lakini isomwe kwa makini. Pesa hiyo inalipia kamera, mpiga picha na maelezo ya kila hati. Uhifadhi wa karatasi yenyewe unaruhusiwa kidogo tu, kiasi cha kuwezesha ukurasa kufunguliwa na kupigwa picha. Mradi ukiisha, hati zinarudi kwenye kabati lilelile. Nilimsikia mtu mzima katika mkutano akisema hati fulani "zimeokolewa" kwa kuwa zimo kwenye intaneti. Karatasi ya karne ya 19, nyingi ikiwa imeletwa kwa meli kutoka Italia, bado iko pwani ikitafunwa. Picha haioneshi alama ya maji ya kiwanda vizuri, haioneshi mshono, haina harufu ya ubani uliofukizwa chumbani. Mimi nakala naipenda na naitumia kila wiki. Sikubali tu iandikwe kwenye ripoti chini ya kichwa cha uhifadhi.

Suala jingine hapo ni saini. Hati nyingi za misikiti na madrasa ni wakfu, na aliyeziwekea wakfu ameandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza: haziuzwi, hazitolewi zawadi, hazirithiwi. Fomu ya mfadhili inauliza "mmiliki ni nani?" na inataka jina moja na saini moja. Nani atasaini? Imamu? Mjukuu wa mwandishi? Kamati ya msikiti? Miradi iliyokwenda vizuri ilitumia miezi ya mwanzo kwenye baraza na kahawa kabla ya kufungua sanduku la kamera. Miezi hiyo haikuwamo kwenye ratiba ya mradi, mtu alijitolea.

Ngazi

Ukiuliza nini kinachofanya andiko likubaliwe, jibu langu ni fupi: usianze na kitu, anza na ukaguzi. Huko Marekani makumbusho ndogo zimekuwa na programu ya kulipia mtaalamu wa mikusanyo na mtaalamu wa majengo kuja siku mbili tu, kupita kila chumba, kufungua kila kabati, na kuandika ripoti inayosema kipi kifanywe kwanza. Hakuna kitu kinachotibiwa siku hizo mbili. Lakini ripoti ile ndiyo inayoombea pesa ya mwaka unaofuata, na unaofuata huo huombea mwingine. Mfadhili wa tiba anapoona ripoti ya ukaguzi anajua huombi kwa hisia.

Kwetu Afrika elimu hiyo si ngeni. ICCROM, shirika la uhifadhi la serikali za nchi mbalimbali lenye makao Roma, liliendesha mpango wa PREMA kuanzia 1990 hadi 2000 kufundisha watu wa makumbusho za Afrika kinga ya mikusanyo, na ukazaa vituo viwili, kimoja Porto-Novo na kingine Mombasa. Wapo watu wa kizazi hicho, wengine wamestaafu, wanaoweza kukagua stoo yako kwa nauli na chakula. Waandike kwenye bajeti. Mwaliko wa mtaalamu wa Ulaya una mvuto kwenye karatasi, ila tiketi yake peke yake inaweza kununua rafu za chuma za chumba kizima.

Kuna vitu ambavyo lazima mtaalamu avifuate vilipo. Siwa ya Pate, ile ya pembe za ndovu iliyoko makumbusho ya Lamu, ina urefu unaopita mita mbili na hupulizwa ubavuni. Ilikuwa ikilia kwenye harusi na sherehe za wakubwa. Tuseme imepata ufa. Kuisafirisha nje kwa tiba ni kuomba vibali vya biashara ya pembe za ndovu, ambayo dunia iliipiga marufuku kwa uamuzi wa 1989, na kitu cha makumbusho nacho kikivuka mpaka kinahitaji hati zake. Bima ya safari itazidi bei ya tiba. Mlete mtu, na pamoja naye wanafunzi wenu wawili wakae mezani siku zote za kazi. Wafadhili wengi wanafurahia kifungu cha mafunzo kuliko kifungu cha tiba yenyewe, hivyo hapo unapata mambo mawili kwa ombi moja.

Bajeti ilivyo na mashimo

Karatasi isiyo na asidi, sanduku maalumu, gundi ya Paraloid, vidonge vya silika vya kunyonya unyevu: karibu vyote vinatoka nje. Bei utakayoiona kwenye ankara kifani si bei utakayolipa. Ongeza usafiri, forodha, wakala wa kutoa mzigo, na siku za kukaa bandarini zinazolipiwa. Nimewahi kushiriki mradi ambao sanduku la karatasi lilitoka bandarini wiki mbili baada ya mradi kufungwa. Ripoti ya mwisho ilishatumwa ikisema vitabu vimefungwa kwenye karatasi hiyo. Hatukusema uongo kwa kupenda, tarehe ilitushika koo. Tulivifunga baadaye, bila posho, siku za Jumamosi.

Kuna pia sarafu. Ruzuku inakuja kwa dola au pauni na kuhesabiwa kwa shilingi, na kati ya siku ya kuandika bajeti na siku ya kupokea pesa inaweza kupita miaka miwili. Kuna mchango wa mwombaji, ambao baadhi ya wafadhili huutaka: andika muda wa wafanyakazi wenu, chumba, ulinzi, maana navyo ni pesa, lakini kumbuka mkaguzi anaweza kuuliza mahudhurio. Na kuna luku. Kama mfadhili hakubali umeme, usiombe mashine ya umeme.

Hilo la mashine lina mzizi mrefu. Vile viwango vya unyevu wa asilimia 50 na joto la nyuzi 20 vilizaliwa katika makumbusho za nchi za baridi zenye mitambo. Pwani yetu unyevu mara nyingi unapita asilimia 70, na sanduku la mvule limeishi humo miaka mia mbili bila kulalamika. Kilichopasua masanduku niliyoyaona ni kiyoyozi kinachowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni: mchana mbao inakauka, usiku inavimba, kila siku ya Mungu. Mwaka 2014 vyama vikuu viwili vya wahifadhi duniani vilikubali rasmi kwamba viwango vizingatie hali ya hewa ya mahali, kwa hiyo una haki ya kuandika hivyo kwenye andiko lako. Ukungu ndio mpaka wa kuangaliwa, na upepo ndio dawa yake ya kwanza. Mafundi wa nyumba za mawe walijua: kuta nene za chokaa, dari ndefu, madirisha yanayopitisha hewa kutoka uani. Feni mbili na rafu zilizosogezwa shubiri moja kutoka ukutani zimefanya mengi kuliko yule mnyama aliyegeuzwa meza.

Kwa wadudu, chombo ninachokipenda kuliko vyote ni dipu friza ya kawaida, ile ya kuuzia samaki. Kofia zilizodariziwa, mikeka, vitabu visivyo na vito wala pembe, vifunge kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa, viweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uvitoe na kuviacha ndani ya mfuko mpaka joto lirudi la kawaida, ili umande uishie nje ya plastiki. Mayai na mabuu yote yamekufa, na hakuna sumu. Nasema sumu kwa sababu zamani makumbusho nyingi zilipaka vitu vyao aseniki na DDT, na mabaki yake bado yamo kwenye manyoya na ngozi za stoo za zamani. Glavu kwanza. Na glavu hizo ziingie kwenye bajeti, mfadhili hakatai glavu.

Mzunguko wa maombi ukifunguliwa huwa umebaki mwezi mmoja au miwili, na muda huo hautoshi kuanza kupima. Kwa hiyo yule mzee wa funguo tulimwachia kipima unyevu kidogo cha mkononi na daftari la kurasa 96. Anaandika saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri: tarehe, joto, unyevu, na nafasi ya mwisho kwa lolote aliloliona. Ukurasa wa kwanza, kwa wino wa buluu, aliandika: *mvua usiku, paa linavuja pembe ya kibla, nimehamisha msahafu.*